Kipimo cha sukari kilirudi safi, kiu ikabaki palepale

Mama yangu ana kisukari, na shangazi yangu alikuwa nacho kabla yake. Kwa hiyo kiu iliponianza sikuhitaji mtu wa kuniambia nikapime nini. Kiu ile naijua kwa kuiona kwa wengine: unakunywa, unaweka bilauri mezani, na kabla hujakaa vizuri unaitaka tena. Usiku naamka kukojoa, nikirudi nakunywa, halafu yale niliyokunywa yananiamsha tena. Asubuhi moja nikaenda maabara sijala kitu, nikatolewa damu.

Sukari ilikuwa 5.1. Kwa mtu aliyepima baada ya kukaa saa 8 au zaidi bila kula, kisukari kinaanza kuhesabiwa kwenye milimoli 7.0 kwa lita, au miligramu 126 kwa desilita kwa maabara zinazohesabu hivyo. HbA1c, kipimo kinachoonyesha wastani wa sukari wa miezi miwili mitatu iliyopita, kilikuwa asilimia 5.4, wakati mpaka wa kisukari ni 6.5. "Mwalimu, sukari yako safi kabisa," daktari akaniambia, na nyumbani wote wakashusha pumzi. Nami nilifurahi. Ila usiku ule niliamka kunywa maji kama usiku uliotangulia.

Nadhani hapa ndipo wengi wanapoishia. Kiu na kisukari tumevifunga pamoja vichwani mwetu, hivyo mtu akiambiwa hana kisukari anasikia kwamba hana kitu. Maelezo mengine nilipewa bure na kila aliyenisikia nikilalamika. Unaongea mchana kutwa darasani, lazima koo likauke. Umefika umri wa kukoma hedhi, ni lile joto la ghafla. Umejizoesha tu maji, punguza.

Hilo la kupunguza nililijaribu kwa siku moja. Nilimaliza jioni kichwa kinagonga na midomo imekauka, lakini kilichonishangaza ni mkojo: uliendelea kutoka kwa wingi, mweupe, hauna rangi kabisa. Mwili uliopungukiwa maji huyabana. Mkojo huwa kidogo na wa rangi nzito. Wangu haukubana chochote. Kama ningekuwa nakojoa sana kwa sababu tu ya kunywa sana, basi kunywa kidogo kungeupunguza. Nikaanza kuamini kwamba maji yanatoka kwanza, na kiu inakuja kuyafidia. (Na sikurudia jaribio hilo. Baadaye nilielezwa kwamba kwa mtu ambaye figo zake hazibani maji, kujinyima ni hatari, na kipimo cha kumnyima mgonjwa maji hufanyiwa hospitalini chini ya uangalizi.)

Nikanunua jagi la plastiki lenye alama za mililita, nikaliweka chooni, na wana nyumba nikawaonya wasiliguse. Unachagua siku ya kuwa nyumbani. Mkojo wa kwanza wa asubuhi unaumwaga na kuandika saa, kisha kuanzia hapo kila mkojo unaupima na kuuandika mpaka kesho yake saa ileile, pamoja na ule wa kuamkia. Upande wa pili wa ukurasa niliandika kila nilichokunywa. Jumla ya mkojo ilizidi lita 4. Kwa mtu mzima, zaidi ya lita 3 kwa saa 24 huhesabiwa kuwa mkojo uliopita kiasi. Mume wangu, aliyekuwa akinicheka na jagi langu, aliangalia ile jumla akanyamaza.

Kwenye daftari hilohilo niliorodhesha na mambo mengine, hata yale yaliyoonekana hayahusiani: uchovu usioisha hata nikilala, kukosa choo siku mbili tatu, mifupa ya miguu kuuma, dawa zote ninazomeza pamoja na zile ninazojinunulia mwenyewe dukani. Kama kuna kitu kimoja kilichonisaidia kuliko vyote, ni daftari hili. Daktari ana dakika chache, na maneno "nina kiu sana" hayana kipimo. Lita 4 zina kipimo.

Daktari wa pili alikuwa mama mtu mzima, asiye na haraka. Alisoma kurasa zile mpaka mwisho, kisha akaniuliza, "Ni kiu, au ni kinywa kukauka?" Sikuwa nimewahi kuvitenganisha. Akaniambia mwenye kinywa kikavu hupata nafuu akisukutua tu au akinyonya kitu, na mkojo wake huwa wa kiasi cha kawaida. Huyo huchunguzwa mate: dawa za mzio, baadhi ya dawa za msongo na za usingizi, kulala mdomo wazi, au ugonjwa wa kinga ya mwili unaoshambulia tezi za mate na za machozi, ambapo na macho nayo huwa makavu. Mwenye kiu yenyewe hatulizwi na kusukutua. Mimi nilikuwa huyo.

Swali la pili lilikuwa la dawa. Nilikuwa natumia kidonge cha presha cha aina ya thiazaidi, zile dawa zinazoongeza mkojo, na nilikuwa nimejiongezea vidonge vya kalsiamu na vitamini D kwa ajili ya mifupa inayouma. Alivizungushia vyote viwili duara. Aliniuliza pia kama nimewahi kutumia litiamu, dawa ya maradhi ya hisia kupanda na kushuka, kwa kuwa ikitumika miaka mingi inaweza kuzifanya figo zishindwe kubana maji. Sijawahi.

Kisha akaandika vipimo, na hakuna hata kimoja kilichokuwa cha ajabu: sodiamu, potasiamu, kalsiamu, utendaji wa figo, sukari tena, na ukolezi wa damu na wa mkojo vilivyochukuliwa wakati mmoja. Nilimuuliza kila kimoja ni cha nini, naye hakuchoka. Ubongo hutoa homoni iitwayo vasopresini, inayoziamuru figo zirudishe maji mwilini. Homoni hiyo ikikosekana, au figo zisipoitii, maji yanapita moja kwa moja na mtu anaweza kukojoa lita nyingi kwa siku; hapo sodiamu ya damu huelekea juu. Kuna na wanaokunywa kupita kiasi bila figo kuwa na kosa, na kwao sodiamu huelekea chini, hata kufikia kuumwa kichwa, kutapika, kuchanganyikiwa na degedege. Potasiamu ikiwa chini sana huzidhoofisha figo vilevile. Kisukari nacho kina njia yake: sukari ya damu ikipita takriban milimoli 10 kwa lita, figo zinashindwa kuirudisha yote, inamwagikia kwenye mkojo na kuvuta maji.

Lililojitokeza kwangu lilikuwa kalsiamu. Ilikuwa milimoli 2.94 kwa lita, wakati kawaida haizidi sana 2.6. Kumbe kalsiamu ikizidi kwenye damu, figo haziisikii vasopresini ipasavyo, ndiyo maana mkojo wangu haukubana hata siku ile niliyojinyima. Na yale niliyoyaandika pembeni, uchovu, kukosa choo, mifupa, yote yaliingia mahali pake kwa mkupuo mmoja. Ningekuwa nimeyaeleza kwa watu watatu tofauti, ningerudi na vidonge vya aina tatu.

Hakunipa jibu siku hiyo. Thiazaidi hupunguza kalsiamu inayotoka kwenye mkojo, hivyo huweza kuipandisha kwenye damu, na vidonge nilivyojinunulia navyo vingeweza kuchangia. Akanibadilishia dawa ya presha, akavisimamisha vile vidonge, akaniambia ninywe maji bila kujizuia, nirudi baada ya wiki chache. Niliporudi kalsiamu ilikuwa bado juu. Safari hii alipima pamoja nayo homoni ya paratiroidi, inayotoka kwenye tezi 4 ndogo, kila moja karibu na ukubwa wa punje ya mchele, zilizoko shingoni nyuma ya tezi ya thairoidi. Kazi ya homoni hiyo ni kupandisha kalsiamu. Kalsiamu ikiwa juu, tezi hizo zinapaswa kunyamaza. Zangu hazikunyamaza: homoni ilikuwa juu. Kama ingekuwa imeshuka kabisa, alisema, angeacha shingo na kutafuta kwingine: saratani, vitamini D iliyozidi, hata kifua kikuu, ambacho wakati mwingine hupandisha kalsiamu.

Yaliyofuata yalikwenda upesi. Picha zilionyesha tezi moja imevimba, uvimbe ambao kwa kawaida si saratani. Figo zilipigwa ultrasaundi kutafuta mawe, hayakuwepo. Mifupa ilipimwa wingi wa madini yake, na kweli ulikuwa umepungua. Daktari wa upasuaji akaitoa ile tezi moja, tatu zilizobaki zikaachiwa kazi. Nilipewa tahadhari kwamba kalsiamu inaweza kushuka ghafla baada ya hapo, na kwamba nikisikia ganzi au kuchomachoma kwenye midomo na ncha za vidole nisikae kimya. Vidole vilichomachoma kweli, nikasema, nikapewa kalsiamu, safari hii kwa maagizo na kwa muda. Kiu iliondoka ndani ya wiki ileile. Kalsiamu ikikaa sawa mpaka miezi 6 baada ya upasuaji, huhesabiwa kuwa umepona. Yangu ilikaa, na sasa inapimwa mara moja kwa mwaka.

Wenzangu kazini huniuliza sasa ni kiu gani ya kupeleka hospitali. Huwaambia hivi. Iliyokuja na jua kali, kuharisha, homa au chakula chenye chumvi nyingi ina sababu yake, na sababu ikiisha nayo inaisha. Isiyokuwa na sababu, ikaendelea siku kadhaa, ikakuamsha usiku, na mkojo ukaongezeka nayo, hiyo ipimwe, na ianze na sukari kwa kuwa kisukari ndicho cha kawaida zaidi. Uzito ukipungua bila kutaka, macho yakaona ukungu au vidonda vikagoma kupona, usingoje siku kadhaa. Mjamzito aseme kliniki. Aliyeanza kiu kubwa baada ya kuumia kichwa au kupasuliwa kichwa aseme vilevile, hata kama sukari yake ni nzuri. Na sukari ikirudi safi lakini kiu haijaondoka, uliza kwa jina: sodiamu, potasiamu, kalsiamu, figo. Kalsiamu mara nyingi haipimwi mpaka mtu aiombe.

Mwenye kiu anayetapika, anayeumwa tumbo, anayehema haraka na kwa kina, pumzi yake inanukia matunda, au amelegea na kuchanganyikiwa, huyo ni wa kukimbizwa saa hiyohiyo.

Juzi mwenzangu wa chumba cha walimu aliniambia mwanawe wa miaka saba, aliyeacha kukojoa kitandani zamani, ameanza tena, anamaliza chupa ya maji kabla ya mapumziko, na sare imemlegea kiunoni. Alipanga kumpeleka Jumamosi asubuhi akiwa hajala, ili kipimo kiwe cha uhakika. Nikamwambia asingoje Jumamosi wala njaa. Kwa mtoto mwenye dalili kama hizo, tone la damu kidoleni saa yoyote linatosha kuanzia, ameshiba au hajashiba, milimoli 11.1 au zaidi ikiambatana na dalili ni kisukari, na kwa watoto kinaweza kufikia hatari ndani ya siku chache. Aliomba ruhusa kwa mwalimu mkuu akatoka kabla ya kipindi cha nne. Sukari ya mtoto ilikuwa 24. Alianzishiwa insulini siku hiyohiyo, na vipindi vya mama yake tukagawana sisi tuliobaki.