Siku moja maishani mwangu: mwanafunzi wa PA wodini, Lexington

Kwa wasioijua kazi hii: PA (physician assistant, au physician associate) ni mtaalamu wa tiba wa Marekani anayemsikiliza mgonjwa, kumpima, kuagiza vipimo, kuandika dawa na kusaidia chumba cha upasuaji, akishirikiana na daktari. Kozi yake ni shahada ya uzamili, na vyuo vingi huimaliza kwa miezi 27 hivi. Ilianzia Chuo Kikuu cha Duke mwaka 1965, Dkt. Eugene Stead alipowachukua wanaume wanne waliokuwa wamehudumia wagonjwa katika jeshi la majini, akaanza kuwafundisha.

Mimi nyumbani Tanzania nilikuwa tabibu (clinical officer). Sasa niko mwaka wa mafunzo kwa vitendo, zamu ya magonjwa ya ndani, katika hospitali moja hapa Lexington, Kentucky. Ndugu wengi hunipigia kuuliza siku zangu zinakwendaje na mlango wa kuingilia uko wapi. Nawaandikia Jumanne hii kama ilivyokuwa. Habari za wagonjwa nimezibadilisha kidogo ili wasitambulike.

Saa 10:30 alfajiri

Chai ya tangawizi kwenye chupa, mkate, koti zito. Mume na watoto bado wamelala. Njiani nasikiliza maswali ya mtihani niliyojirekodia kwenye simu.

Saa 12:00 asubuhi

Mwanafunzi hufika wodini kabla ya wakubwa. Nimepewa wagonjwa watatu, na kabla ya raundi natakiwa niwe nimeshamwona kila mmoja, nimesoma majibu ya maabara na nina la kusema. Naanza kwa muuguzi wa zamu ya usiku. Hilo nililijua tangu zahanati: muuguzi aliyekesha na mgonjwa anajua mambo ambayo kompyuta haina.

Mzee wa kitanda cha dirishani ana moyo uliochoka, maji yamemjaa miguuni na kifuani. Yuko kwenye furosemidi ya mshipa, dawa ya kuyatoa maji kwa njia ya mkojo. Nainama, nabonyeza mfupa wa ugoko kwa kidole gumba, nahesabu mpaka tano, naachia. Shimo linabaki. Jana lilikuwa linabaki mpaka juu ya goti, leo linaishia katikati ya muundi. Namwinua kitanda kidogo, namgeuza uso upande, natazama mshipa wa shingo ukicheza: bado uko juu. Uzito umeshuka kilo mbili tangu jana. Lakini kreatinini, kipimo cha damu kinachoonyesha hali ya figo, imepanda kidogo, na potasiamu iko chini. Naandika vyote kwenye karatasi niliyoikunja mara nne.

Saa 2:00 asubuhi

Raundi. Msimamizi wangu ni PA wa miaka mingi, na daktari bingwa yupo naye. Namweleza mgonjwa nikiwa nimesimama mlangoni: amesema nini, nimeona nini, nadhani kuna nini, napendekeza nini. Dakika tano, hazizidi.

"Figo zinalalamika," msimamizi ananiambia. "Tusimamishe dawa?"

Nasema hapana. Shingo bado imejaa, miguu bado inabonyea, na damu iliyorundikana kwenye mishipa nayo huzibana figo. Tuendelee, tumrudishie potasiamu, tupime tena jioni. Anauliza: na ikipanda zaidi? Namjibu. Anauliza tena. Daktari bingwa anaongeza jambo moja kuhusu shinikizo la damu, kisha wanakubali mpango.

Hapa ndipo niseme wazi ninavyoiona kozi hii. Nyumbani, kwenye kituo cha afya, tabibu anapasua jipu, anatibu malaria kali, anaamua nani apelekwe wilayani, mara nyingi peke yake. Ujuzi ule ni wa kweli na ninajivunia. Ninachojifunza hapa zaidi ya yote ni kuitoa fikra yangu hadharani, hatua kwa hatua, mbele ya mtu mwenye uwezo wa kuipinga, kila asubuhi. Mwaka wa darasani walitujaza anatomia, famakolojia na magonjwa ya kila mfumo wa mwili. Mwaka huu wanatutaka tufikiri kwa sauti.

Saa 5:00 asubuhi

Mama mmoja kutoka Kongo, mkimbizi wa zamani. Sukari yake iko juu sana na anaapa kuwa anachoma insulini kila siku. Namsalimia, "Shikamoo mama," naye ananishika mkono: "Mwanangu, nawe ni mtu wa kule?" Uso wote unafunguka.

Hata hivyo, mazungumzo ya matibabu yanapitia kwa mkalimani kwenye skrini. Sheria ya nchi inaitaka hospitali impe mgonjwa mkalimani mwenye sifa, na mimi sijafanyiwa tathmini hiyo, hata kama Kiswahili nimezaliwa nacho. Naikubali sheria hii kwa moyo wote. Nimeona watoto wa miaka kumi na miwili wakiwatafsiria mama zao habari za saratani, na hakuna mtoto anayestahili mzigo ule.

Lakini swali la kuuliza naweza kulileta mimi. Namwomba mkalimani amuulize mama insulini anaiweka wapi nyumbani. Juu ya kabati, anasema, karibu na kipasha joto, maana aliogopa baridi ya huku itaiharibu. Msimamizi ananitazama, anatikisa kichwa kukubali. Insulini ikikaa kwenye joto la kupita nyuzi 30 inapoteza nguvu. Mama alikuwa anachoma kila siku kama anavyosema, ila dawa yenyewe ilikuwa imeshakufa. Tulikuwa karibu kumwongezea kipimo maradufu. Tunampa kalamu mpya ya insulini, tunamwonyesha pa kuiweka, na muuguzi wa kisukari atarudi kesho na mkalimani huyohuyo.

Saa 7:30 mchana

Wali na maharage kutoka nyumbani, nimesimama.

Saa 8:00 mchana hadi saa 11:30 jioni

Mgonjwa mpya kutoka idara ya dharura, homa ya mapafu. Namchukua historia, nampima, naandika maelezo ambayo msimamizi anayapitia mstari kwa mstari. Kreatinini ya mzee wa dirishani imetulia. Narudi kumwambia mwenyewe, maana alinisikia asubuhi nikizitaja figo zake.

Saa 1:30 usiku

Watoto wameshakula. Simu inaita: kijana wa Bukavu aliyekulia hapa Lexington, ana shahada ya biolojia, na usiku anafanya kazi ya usaidizi wa wauguzi katika nyumba ya wazee. Anataka kuomba PA.

"Dada, mimi sina uzoefu wa hospitali," ananiambia.

Hapo ndipo huwa napandisha sauti. Mdogo wangu, unawageuza wagonjwa kitandani, unawapima shinikizo, unawaogesha, wewe ndiye wa kwanza kuona kidonda kinaanza mgongoni. Vyuo vingi huzihesabu saa hizo kuwa uzoefu wa kuhudumia wagonjwa, na wapo wanaodai saa elfu moja, elfu mbili, hata zaidi. Watu wetu wamejaa kwenye kazi hizi nchi nzima, wanazo saa ambazo vijana wengine wanazitafuta kwa tochi, na hawaziandiki. Andika tangu leo: mahali, tarehe, saa, jina la msimamizi, ulifanya nini hasa. Ukiwa mlezi wa nyumbani bila cheti, baadhi ya vyuo vitaziweka kwenye fungu jingine lenye uzito mdogo, kwa hiyo uliza kila chuo.

Nikamweleza mengine. Maombi karibu yote hupitia mfumo mmoja uitwao CASPA, unaofunguliwa mwishoni mwa Aprili kila mwaka. Vyuo vingi huita watu kwenye usaili kadiri maombi yanavyoingia, kwa hiyo anayetuma mapema anakuta viti vingi zaidi. Wastani wa alama usiwe chini ya 3.0 kati ya 4.0. Anatomia, fiziolojia, kemia, mikrobiolojia na takwimu ziwe zimekamilika, na vyuo vingine havikubali somo la zamani sana. Barua ya kujieleza isizidi herufi 5,000, nafasi zikiwemo. Aandike kuhusu mzee mmoja aliyemhudumia, kwa undani, aache kusimulia kwamba anapenda kusaidia watu. Na asiguse chuo ambacho hakina ithibati ya ARC-PA, chombo kinachozikagua kozi za PA, kwa sababu bila hiyo hutaruhusiwa kufanya PANCE, mtihani wa maswali 300 unaofungua mlango wa leseni.

Kwa matabibu wenzangu wa Tanzania, Kenya na Uganda mnaosoma hapa, sharti hilo linatuhusu sisi pia. Cheti cha nyumbani, hata uwe na miaka kumi kazini, hakikupi nafasi ya kufanya PANCE. Lazima usome kozi yote ya hapa. Masomo ya nyumbani yatathminiwe na taasisi kama WES, na ujiandae kurudia masomo ya sayansi katika chuo cha hapa, kwani vyuo vingi vinayataka hivyo. Mimi niliyarudia chuo cha jamii (community college), jioni, baada ya zamu. Inauma, sitaficha. Lakini saa zako za utabibu zijaze kwenye CASPA, vyuo vingine huzipokea, na kwenye usaili hakuna atakayekuwa na simulizi kama zako.

Kijana akauliza ada. Hilo ndilo gumu kuliko yote, maana wakati wa kozi huwezi kufanya kazi ya maana. Mkopo wa serikali wa Grad PLUS, ambao wengi wetu tuliutegemea kufidia pengo, hautolewi kwa wakopaji wapya kuanzia tarehe 1 Julai 2026. Nimemwambia alinganishe vyuo vya umma vya jimbo kwanza, aulize ufadhili wa wanaokubali kwenda kufanya kazi maeneo yenye uhaba wa watoa huduma, na asisaini mkopo wa benki kabla hatujakaa mezani pamoja na karatasi zote.

Saa 3:15 usiku

Maswali arobaini ya moyo na figo. Mwisho wa zamu hii ya magonjwa ya ndani kuna mtihani wa maswali 120, na elektroliti, yaani chumvi za damu kama potasiamu, bado zinanisumbua. Kijana ameshatuma picha ya daftari lake: amerudi nyuma mpaka mwaka jana, anaandika zamu moja baada ya nyingine. Nimemjibu asisahau kumwomba muuguzi mkuu barua ya kumtambulisha kabla hajahamia kitengo kingine, kisha nikaendelea na swali la potasiamu.