Majina kumi na moja

Saa sita kasoro usiku. Mvua ya Mei inapiga bati kana kwamba ina deni nalo, na chini yetu mlinzi wa duka la vifaa vya ujenzi amefungulia redio ili asisinzie. Ofisi yetu ni chumba kimoja na kibaraza, juu ya duka hilo, upande wa Mbuyuni. Tuko watatu: mimi, dogo anayeandika programu za tovuti, na dada wa picha ambaye pia ndiye anayeshika hesabu kwa sababu mimi sishiki hesabu. Leo nimewaambia waende nyumbani. Nimebaki peke yangu na chupa ya chai ya tangawizi iliyopoa, nikitazama orodha ambayo sikuitaka kuiona. Nitaifikia.

Mei ndiyo mwezi wetu mbaya. Moshi nzima inataka tovuti kabla ya Juni. Masika yakiisha wageni wa mlima wanaanza kumiminika, kwa hiyo mtu aliyelala tangu Januari anaamka wiki ya pili ya Mei na kupiga simu: "Dada, lile suala letu limefikia wapi?" Suala lenyewe limefika pale pale alipoliacha, yaani kwenye picha ambazo hakuleta. Wiki hii tulikuwa na tovuti tatu za kupandisha hewani: ya nyumba ya wageni ya mama mmoja wa Rau, ya shule ya chekechea, na ya Mzee.

Ya chekechea ilipanda Jumatatu bila kelele. Sina la kusema juu yake zaidi ya kwamba mwalimu mkuu alitaka maua yanayodondoka juu ya ukurasa wa kwanza, na tulibishana, na maua yanadondoka.

Ya Mzee ndiyo niliyoipenda. Alianza mlimani akiwa mgumu, ndivyo huku tunavyowaita wapagazi, zamani ambapo, kwa maneno yake, "mzigo ulipimwa kwa shingo." Siku hizi kuna mizani getini na kikomo ni kilo 20. Baadaye akawa msaidizi, akawa mwongozaji, na sasa ana kampuni yake yenye mahema, majiko na gari moja linalowaka kwa kusukumwa. Alipokuja mara ya kwanza alileta karatasi nne za Kiingereza zilizochapwa. Nilisoma mistari miwili nikajua zimetoka wapi: kila kampuni ya mlima ina maneno yale yale, safari isiyosahaulika, wataalamu wetu, ndoto yako. Ungezibadilisha nembo, mwenye kampuni mwenyewe asingegundua.

Nikaziweka pembeni. Nikamuuliza, "Mzee, unajuaje kwamba mgeni ameanza kuharibikiwa?"

Akanyamaza kidogo, akavua kofia. Akasema haangalii uso, uso unadanganya. Anaangalia kamba za viatu. Mtu aliyekuwa akifunga viatu vyake vizuri siku mbili, siku ya tatu asubuhi anakaa kitako anazitazama kamba kama hajawahi kuziona, huyo kichwa kimeanza kukosa hewa. Anaangalia bakuli la supu: likirudi limejaa, anauliza. Akirudishiwa utani anatulia. Asiporudishiwa, anamtembeza mstari ulionyooka mbele ya hema, na akiyumba anashuka naye hata kama ni saa nane za usiku na kilele wanakiona. "Mlima upo tu," akasema. "Mita 5,895 hazipungui hata moja mpaka mwaka kesho."

Dogo alikuwa ameacha kuchapa. Dada wa picha alikuwa anarekodi kwa simu. Hayo ndiyo yako kwenye ukurasa wa kwanza sasa, kamba za viatu na bakuli la supu, na sioni kampuni nyingine inayoweza kuyaiba yakawafaa. Kisha akaomba ukurasa wa Kiswahili. Nikamwambia wageni wake hawasomi Kiswahili. Akasema wagumu wake wanasoma, na wake zao wanasoma, na wanataka kujua kampuni inasema nini juu yao. Sikuwa na jibu. Tukauandika.

Picha zilikuwa vita nyingine. Alizituma kwa WhatsApp, zikafika zimebanwa hadi kilele cha Kibo kinafanana na bakuli la ugali. Tukamfuata nyumbani na waya, tukazitoa kwenye simu yenyewe, kila moja megabaiti 6 au 7, tukazipunguza uzito moja moja zisizidi kilobaiti 200. Hiyo ni kazi ambayo hakuna mteja amewahi kunishukuru kwayo, na ndiyo inayofanya ukurasa ufunguke kwa mtu mwenye bando la kubahatisha.

Sasa, jina. Hapa ndipo moyo uliponichafuka.

Mzee alikuwa na jina la tovuti tayari, la .com, miaka sita. Alilipiwa na kijana fulani aliyemtengenezea tovuti ya kwanza. Tulipoangalia limeandikishwa kwa nani, mwenye jina si Mzee. Ni yule kijana: jina lake, barua pepe yake, simu yake ya zamani isiyopatikana. Na lilikuwa limebakiza siku 19 kuisha muda. Kwa asiyejua: jina ni kama plati la gari, unalikodi kwa mwaka au zaidi, na taarifa za kulilipia tena zinakwenda kwa aliyeandikishwa, hata kama wewe ndiye uliyelichora kwenye gari, kwenye fulana, kwenye mabegi ya wagumu wote. Likiisha muda wake, la .com linaweza kuingia kwenye siku 30 za ukombozi ambapo bei yake si ile uliyoizoea, kisha siku tano za kungoja kufutwa, na baada ya hapo yeyote duniani analichukua.

Tulimtafuta siku kumi na mbili. Yupo Dar, anafanya kazi nyingine kabisa. Alipopatikana hakuwa mbaya hata, alikuwa mtu aliyesahau. Ila alitaka "ya maji" kwanza kabla ya kulifungulia jina na kutuma namba ya siri ya kulihamisha. Mzee akalipa. Mimi nilitoka kibarazani nikamsema yule kijana kwa dakika nzima, kwa sauti, mpaka wauza mbao wa ng'ambo wakageuka. Nilisema mtu wa namna hii ndiye anayetuharibia kazi. Nilisema ni sawa na fundi ujenzi anayekabidhi nyumba akabaki na ufunguo mfukoni. Nilijipendeza kweli.

Jumatano usiku tukahamisha. Dogo alikuwa mwangalifu. Siku moja kabla alishusha ule muda ambao seva, yaani kompyuta za mtandao huko duniani, hukumbuka anwani ya zamani, kutoka sekunde 86,400 hadi 300, ili tukibadilisha watu wasikae siku nzima wakiletewa tovuti ya zamani. Saa nne usiku tukabadilisha. Saa nne na dakika nane nikafungua kwa simu yangu, kamba za viatu zikatokea. Ile kufuli ndogo ya usalama pembeni ya anwani ipo. Tukapiga kelele, tukaenda kula chipsi mayai pale kona.

Saa moja asubuhi simu ikaita.

"Binti, shikamoo hukusema," ndivyo Mzee anavyoanza.

"Shikamoo Mzee."

"Marahaba. Barua zangu zimekwenda wapi?"

Nilijua kabla hajamaliza. Jina moja hubeba anwani zaidi ya moja. Ipo inayosema tovuti inakaa seva gani, na ipo nyingine, wenyewe tunaiita rekodi ya MX, inayosema barua pepe zipelekwe wapi. Tulipohamisha tuliandika ya kwanza. Ya pili nilisema nitaiandika mimi, dogo akaniamini, na mimi nikaenda kula chipsi. Usiku kucha kila aliyemwandikia Mzee barua yake ilifika kwenye seva mpya, ikaulizwa inamtafuta nani, ikaambiwa hapa hakuna mtu huyo. Saa tisa. Na usiku wa Moshi ndio jioni ya wateja wake wa Marekani.

Niliirekebisha kwa dakika mbili. Hilo ndilo linalouma, dakika mbili. Kisha nikapanda bodaboda na tope lake mpaka kwa Mzee, kwa sababu mambo mengine huwezi kuyasema kwa simu. Alikuwa anakunywa chai. Alinisikiliza mpaka mwisho. Akauliza, "Saa ngapi kwa jumla?" Nikasema tisa. Akahesabu kwa vidole, sijui alikuwa anahesabu nini, akasema watu wawili wa Ujerumani wamemtumia ujumbe kwa WhatsApp wakilalamika barua imerudi, kwa hiyo hao wapo. Wengine Mungu anajua. Akanisogezea kikombe. Nilikunywa chai ile kama dawa.

Ni katika kurekebisha huko ndipo nilipoingia kwenye akaunti yetu ya majina. Huwa siingii, dada wa picha ndiye anayelipia. Na ndipo nilipoiona orodha, ndiyo iliyo mbele yangu usiku huu. Majina kumi na moja. Nyumba ya wageni ya Rau, duka la vitenge, fundi wa meno, kwaya, duka la dawa za mifugo, chekechea ya juzi. Na pembeni, kwenye safu ya mwenye jina, mara kumi na moja: mimi. Barua pepe yangu. Simu yangu.

Nina sababu. Tulipoanza, wateja wengi hawakuwa na barua pepe wanayoikumbuka. Unamuuliza, anacheka, anasema "weka tu yako, dada." Unaweka yako. Mwaka unaisha, unalipia, unamdai, anakupa kwa M-Pesa. Inakwenda. Hakuna aliyeumia.

Ila ni usiku, na mlinzi tu ndiye anayenisikia nikiguna, kwa hiyo niandike na lingine. Kuna sehemu yangu iliyopenda iwe hivyo. Mteja ambaye jina lake unalo haendi mbali. Mwenye vitenge alinichelewesha malipo miezi minne mwaka juzi, nikamzimia tovuti siku mbili, akalipa siku ya pili jioni. Nilimwambia ni tatizo la seva. Nilijiona mjanja. Yule kijana wa Dar angalau alikuwa amesahau.

Na nikigongwa na gari pale mzunguko wa mnara? Kumi na moja wote watapanga foleni kwa mume wangu, ambaye paswedi ya simu yake mwenyewe hupewa na mtoto.

Jana na leo tumeanza kuwarudishia. Si jambo tamu kama linavyosikika. Saba yamekwenda. Fundi wa meno alitaka kujua kama maana yake tunamfukuza. Kwaya hawajakubaliana liandikwe jina la mwenyekiti au la mweka hazina, na nimejiondoa kwenye mjadala huo. Mama wa Rau amekataa katakata. "Mwanangu, kaa nalo wewe, mimi nitalipoteza." Nikamwonyesha paswedi, akaiandika kwenye daftari la madeni, katikati ya mwenye sukari kilo mbili na mwenye mkaa. Kisha akanirudishia simu na kusema, "Basi limeshakuwa langu, sasa nitunzie." Sijui tumefika wapi na mama huyu. La vitenge sijalihamisha. Lazima kwanza nimwambie ile siku mbili haikuwa seva, na nimepita dukani kwake mara mbili, nimenunua doti moja, nimetoka.

Dada wa picha ameuliza jambo la maana: wakiwa na majina yao wote, nani atarudi mwakani kulipia? Nimemwambia watakaoridhika. Ameniangalia kwa jicho la mtu anayeshika hesabu.

Mzee alikuja jioni hii kabla mvua haijaanza. Tulimfungulia akaunti yake mwenyewe, kwa simu yake, na barua pepe ambayo safari hii inapokea barua. Dogo alimwandikia kila kitu kwenye karatasi. Aliikunja mara nne, akaitia kwenye kile kifuko cha plastiki anachovaa shingoni, pamoja na kitambulisho chake cha uongozaji.

Nikadhani anaondoka. Akavuta kiti.

"Na mimi naweza kuandika humo?"

Nikamwonyesha pa kubonyeza. Akafungua ukurasa wa Kiswahili, ule wa wagumu, akausoma wote kwa sauti ya chini, mdomo ukicheza. Akafika penye miaka 30 mlimani. Akasimama. Akatafuta kitufe cha kufutia kwa muda mrefu, dogo akataka kumsaidia nikamkanyaga mguu. Akafuta sifuri. Akaandika moja.

"Uliponiuliza," akasema bila kugeuka, "ilikuwa mwaka jana."