Nani atanisomea?

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa.

Wiki hii sikuwa na amani na Zaburi ya 71, mstari ule wa tisa: "Usinitupe wakati wa uzee, nguvu zangu zipungukapo usiniache." Nimeusoma sana kwenye ibada za wazee, nikiwasomea wengine. Safari hii umenigeukia mwenyewe. Wengi mnajua nina presha ya macho. Matone naweka kama nilivyoagizwa, kliniki siikosi, lakini daktari amenieleza waziwazi kwamba kilichokwisha kupotea kwenye jicho la kulia hakirudi. Dawa ni ya kulinda kilichobaki. Basi nimekuwa nikilala na swali ambalo naona haya hata kulitamka kwenye maombi ya pamoja: siku nikishindwa kusoma, nitakuwa na kazi gani kanisani? Masomo ya Jumapili nimeyasoma pale mbele tangu usichana wangu. Ualimu nimeufanya mpaka kustaafu. Mungu akichukua magoti, nitaomba nikiwa nimekaa. Lakini macho, jamani!

Katika kuhangaika huko ndipo nikamfikiria sana Judi Dench. Kama jina halikuingii, ni yule mama wa Kiingereza mwenye nywele nyeupe fupi aliyekuwa bosi wa James Bond, aliyeitwa M, kuanzia mwaka 1995 mpaka alipouawa kwenye filamu ya 2012. Najua wapo watakaouliza, mwigizaji wa sinema atatufundisha nini sisi tuliookoka? Bwana wetu alimsifu hata wakili dhalimu, akasema wana wa ulimwengu huu katika kizazi chao wenyewe huwa na busara kuliko wana wa nuru. Nipeni nafasi.

Na wala huyu si mtu asiyemjua Mungu. Alizaliwa York, kaskazini mwa Uingereza, tarehe 9 Desemba 1934, baba yake akiwa daktari. Akasomeshwa The Mount, shule ya wasichana ya Marafiki, yaani Quaker, na humo ndimo alimoingia katika imani hiyo aliyonayo mpaka leo. Marafiki wa kwao huabudu kwa kukaa kimya. Hakuna mchungaji wa kuhubiri, wanangoja, na anayesukumwa na Roho husimama akasema neno. (Marafiki wa Kaimosi na Vihiga, kule Kenya, ambao wengine mmesali nao, wao wanaimba na kupiga ngoma kama sisi, kwa hiyo msishangae mkiambiwa ni nyumba moja.) Mwaka 1957 aliigiza Mariamu, mama wa Yesu, katika michezo ya kale ya Biblia inayochezwa mjini kwao. Mwaka huohuo akaanza kazi rasmi na Old Vic, kampuni ya maigizo ya London, akiwa binti aitwaye Ophelia katika Hamlet, mchezo wa Shakespeare, yule mtunzi wa kale wa Kiingereza. Alikuwa na miaka 22. Wahakiki wakamsema vibaya magazetini, na kampuni ilipokwenda Marekani nafasi ile akapewa mwingine.

Hapo pana somo la kukataliwa, lakini silo lililonibana wiki hii. Pana pia lile la Oscar yake ya 1999, aliyoipata kwa kumwigiza Malkia Elizabeth wa Kwanza, naye alionekana kwenye filamu ile nzima kwa dakika kama nane tu. Wale mnaonung'unika kwamba mnapewa kazi ndogo ndogo kanisani, hilo mlichukue mkalitafakari wenyewe.

Mimi narudi kwenye macho. Mwaka 2012 alisema hadharani kwamba ana ugonjwa wa macho wa uzeeni unaoharibu ile sehemu ya katikati ya kuonea. Wangu unakula kutoka pembeni kuja ndani. Wake unaanzia katikati. Pembeni mtu anaona, ila kile anachokitazama moja kwa moja ndicho kinachofifia: herufi kwenye ukurasa, uso wa mtu aliyeketi mbele yake mezani. Kwa mwigizaji huo ni msiba, maana kazi yao huanza kwa kupewa mswada usome ushike maneno. Yeye hawezi tena kuusoma. Akafanyaje? Akawaomba watu wamsomee. Mtu anakaa naye, anasema mstari, yeye anaurudia, wanarudia tena, mpaka unakaa. Kwa njia hiyo alipanda jukwaani London mwaka 2015, katika mchezo wa Shakespeare ambao ujanani aliwahi kuucheza akiwa mama na binti kwa pamoja, na mwaka uliofuata, akiwa na miaka 81, akapewa tuzo yake ya nane ya Olivier, ambayo kwao ni tuzo kubwa ya michezo ya jukwaani. Akiwa na miaka 87 akateuliwa tena kuwania Oscar.

Halafu kuna lile la mwaka 2023 ambalo binti yangu alinionyesha kwenye simu yake, nikamwambia arudishe nyuma nione upya. Bibi yuko kwenye kipindi cha mazungumzo cha televisheni, kwenye sofa, watu wanacheka. Anaombwa atoe kitu cha Shakespeare. Hana karatasi, hana miwani ya kuvaa, hajikohozi. Anaanza tu, taratibu, shairi la mtu aliyedharauliwa na walimwengu, anayelia peke yake na kuona wivu wa vipaji vya wenzake, kisha anamkumbuka ampendaye na moyo wake unainuka kuliko wa wafalme. Ukumbi wote ukanyamaza. Yeye na marehemu mumewe, Michael Williams, aliyekuwa mwigizaji mwenzake na Mkatoliki, walikuwa wakimwita Shakespeare "bwana anayetulipia kodi ya nyumba". Mumewe alifariki mwaka 2001 kwa saratani ya mapafu. Macho yakafuata. Bwana wa kodi bado yumo kifuani mwake, neno kwa neno.

Sasa nisikilizeni, na mkikasirika mtanisamehe. Yule ni Shakespeare, mtu aliyekufa mwaka 1616, hakufufuka, hamwombei mtu mbele za Baba. Sisi tuna Neno lililo hai, na ni wangapi kati yetu tunaweza kusema sura moja ya Biblia bila kuchungulia? Zaburi ya 23, ndiyo, na hata hiyo wengi wetu tunaishia kwenye "maji ya utulivu" tukaanza kumung'unya. Mama zetu walikuwa hawajui kusoma wakashika Katekisimu yote, na Tenzi ubeti hadi ubeti. Mama yangu mzazi alikuwa akichambua mchicha anasema Isaya 40 kuanzia "Watulizeni mioyo, watulizeni mioyo, watu wangu" na anamaliza mchicha kabla hajamaliza sura. Sisi Biblia tumeiweka kwenye simu. Chaji ikiisha, tumebaki watupu. Kijana anaombwa neno la faraja kwenye msiba, anatafuta bando kwanza! Mtunga zaburi alisema, "Moyoni mwangu nimeliweka neno lako." Kilichomo kifuani hakihitaji tochi, na hakuna ugonjwa wa macho unaokifikia.

Kwa hiyo mimi nimeanza. Naanza uzeeni, kwa shida, mistari inanitoroka, lakini nimeanza na hiyohiyo Zaburi ya 71 iliyoninyima usingizi.

Ila kilichonigusa kuliko yote si kumbukumbu ya yule mama. Ni kwamba aliomba. Mtu mwenye sifa kama zile, aliyepewa cheo cha Dame, heshima ya kifalme ya Uingereza, tangu 1988, anamwambia mwenzake: sioni, nisomee. Bwana alimwambia Petro, "utakapokuwa mzee, utainyosha mikono yako, na mwingine atakufunga na kukuchukua usikotaka." Tumezoea kuulinganisha mstari ule na kifo cha Petro tu, na Yohana mwenyewe anatuambia hivyo. Hata hivyo kwanza kuna kunyosha mikono. Wengi wetu hatutaki. Mzee anaacha kuja ibadani kimyakimya kwa sababu hakioni tena kitabu cha nyimbo, na hasemi. Anasema miguu inauma. Nasi tunaitikia "pole" na kuendelea na safari zetu.

Wapendwa, wazee hao tunao. Kila jumuiya inao, na mnawajua kwa majina. Naomba twende tukawasomee. Sisemi kuwatembelea na kilo ya sukari, tukapiga picha, tukaondoka. Sukari ipelekeni, lakini mkae. Fungua Biblia, soma mstari mmoja polepole, mwache aurudie. Usiwe na haraka ya kumaliza sura. Utakuta wengine wanazo sura nzima vichwani, wanachohitaji ni mtu wa kuwaanzishia, na ukianza tu watakupita. Ukifika mlangoni, taja jina lako. Ule mchezo wetu wa kumwinamia bibi na kumuuliza "unanikumbuka mimi nani?" uacheni kabisa. Si kwamba amekusahau. Anaona umbo la mtu, uso hauoni, na wewe unamtia aibu mbele ya wajukuu. Kaa upande ambao anakuona vizuri zaidi; muulize ni upi. Msomee na barua zake, na ujumbe wa simu kutoka kwa watoto wake walio mbali, kwa sauti ileile unayosomea Injili, wala usiutangaze mtaani.

Nanyi vijana wa kwaya, msiseme hamjui kuhubiri. Hakuna aliyewaomba mahubiri. Isaka macho yake yalikuwa hayaoni, na aliyemkaribia alikuja kumdanganya. Eli naye macho yake yalianza kupofuka, lakini mtoto Samweli alikuwa karibu kiasi cha kukimbia usiku na kusema, "Mimi hapa." Mnaona tofauti ya nyumba hizo mbili?

Na walio na miaka arobaini kwenda juu, nendeni mkapime macho hata kama mnaona vizuri, hasa kama kwenu yupo mwenye presha ya macho. Mara nyingi haiumi, na mtu huja kugundua ikiwa imeshachukua sehemu kubwa.

Wiki hii tujifunze Zaburi 71, mstari wa 17 na 18, kwa moyo. Jumatano kwenye jumuiya hatutafungua Biblia wala simu kwa somo hilo. Kila mmoja atasema alichoshika, hata kama ni nusu mstari. Wanaojitolea kwenda kuwasomea wazee wanipe majina yao, na siku wanazoweza, kabla ya hapo. Nami, kama yupo atakayepita kwangu Alhamisi jioni, nina Waraka kwa Wafilipi nataka kuushika, na herufi za Biblia yangu zimekuwa ndogo sana.