Kusi Likivuma Malindi, Sisi Tuko Mlimani

Hapa Malindi ukisema siku yako ya mapumziko uliimaliza kwa kupanda mlima, utaulizwa ulipoteza nini huko juu. Ami yangu ameniuliza, majirani wameniuliza, na mamangu baada ya kutazama picha zote kwenye simu alisema, "Mwanangu, mbona mwajitesa? Kwani kazi haziwatoshi?" Nimeamua kujibu kwa maandishi, maana barazani nikianza tu kueleza huwa tunaishia kwenye bei ya unga.

Nianze na shifti, kwa sababu asiyezijua shifti hataelewa habari ya mlima.

Hapa Malindi nimekuja likizo tu; naishi Marekani, kusini mwa jiji la Seattle, jimbo la Washington, upande ule ambako Waafrika Mashariki wengi wamepanga. Rafiki zangu wa karibu ni dada mmoja wa Tanga anayehudumia wazee, jamaa wa Lamu anayeendesha lori, mume na mke kutoka Kismayu wanaofanya kazi uwanja wa ndege, na kijana wa Goma anayesomea uuguzi. Kiswahili ndicho kilichotukutanisha. Lakini ughaibuni waweza kuwa na rafiki anayekaa mtaa wa pili na msionane miezi. Wewe unatoka kazini, yeye ndiyo kwanza anaingia. Simu mnapigiana mkiwa mnaendesha gari. Mnaonana harusini na msibani, na hata huko mtu ameketi na funguo mkononi. Nyumbani ukishikwa na jambo, kabla ya magharibi watu watatu wameshaligundua kwa kukutazama usoni tu. Kule unaweza kulibeba mwaka mzima na kila mtu akajua uko salama.

Matembezi ya mlimani yametuponya hapo. Mwanzo wake ulikuwa mdogo: jamaa wa Lamu alialikwa na wafanyakazi wenzake, akarudi akatuambia lazima twende, na tangu siku hiyo majira ya joto hayapiti bila sisi kupanda.

Mlima wenyewe ni Rainier. Una mita 4,392, mfupi kuliko Mlima Kenya wenye mita 5,199, lakini kwa barafu hakuna kilele kinachoushinda katika bara la Marekani ukiiacha Alaska. Mito ya barafu zaidi ya ishirini inauteremka pande zote. Juu ya hayo ni volkano ambayo bado haijazimika. Mbuga ya taifa inayouzunguka ilianzishwa mwaka 1899, na kiingilio tumekuwa tukilipa dola 30 kwa gari moja, watu wote waliomo, na tiketi hiyo inafaa siku saba. Mkiwa watano, kila mmoja ametoa dola sita. Nalitaja hili kwa sababu wengi wetu tunaoishi kule tunaamini mambo haya ni ya wenye nacho. Siku nzima mlimani ni rahisi kuliko mlo mmoja wa hotelini.

Tunaanzia mahali panapoitwa Paradise, kwenye mita kama 1,650. Watu wa Nairobi wataniambia hiyo si kitu, na kweli mji wao umeinuka kuliko hapo. Lakini Nairobi iko jirani na ikweta. Paradise iko mbali sana kaskazini, na pepo zenye unyevu kutoka Bahari ya Pasifiki huugonga mlima majira yote ya baridi na kumwaga theluji. Msimu wa 1971 hadi 1972 ilianguka theluji ambayo jumla yake ni zaidi ya mita 28, rekodi ya dunia kwa wakati ule. Ndiyo sababu mwezi wa Julai, wakati huku kusi limechafua bahari na mashua ndogo zimevutwa pwani, sisi tunatembea na fulana nyepesi huku buti zimezama katika theluji iliyobaki.

Tunaondoka mara baada ya sala ya alfajiri, ambayo Julai huingia kabla ya saa kumi za usiku. Ukichelewa, maegesho yamejaa na unaishia kuzunguka na gari. Dada wa Tanga ndiye mwenye chakula: mahamri, viazi vya karai, mayai ya kuchemsha, tende, na chupa mbili za chai ya tangawizi. Wageni tunaopishana nao njiani hutafuna vijiti vya nafaka vilivyokauka, na mara nyingi nimewaona wakigeuka kutazama upande ilipotoka harufu ya iliki.

Njia tunayoipenda inaitwa Skyline. Ni mzunguko wa kilomita kama tisa, na mahali pa juu kabisa pamepita mita 2,000. Mtu mzima asiye na mazoezi makubwa anaimaliza kwa nusu siku, mradi asikimbizwe. Sisi kanuni yetu ni moja: anayekwenda polepole kuliko wote ndiye anayetangulia. Hivyo hakuna anayeachwa, na hakuna anayeona haya kusimama kuvuta pumzi.

Mwishoni mwa Julai na mwezi wa Agosti maua hufunika miteremko yote, ya zambarau, mekundu, meupe, manjano. Mimea ile ina wiki chache tu kati ya theluji kuyeyuka na baridi kurudi, kwa hiyo inachanua yote kwa pamoja, kama inayokimbizana na muda. Kwa sababu hiyo hiyo askari wa mbuga ni wakali kwa anayeiacha njia. Ua likikanyagwa pale halirudi msimu ujao. Sehemu iliyokanyagwa sana hukaa miaka mingi ikiwa udongo mtupu. Mwanzoni niliona amri hizo zimezidi. Sasa mimi ndiye ninayewakumbusha wengine.

Chini ya barafu iitwayo Nisqually unatoka mto wenye jina hilo hilo. Maji yake hayana rangi ya maji. Ni rangi ya tui la nazi la mkamuo wa pili, kijivu cheupe, mazito kidogo. Barafu inapoteremka husaga mwamba ulio chini yake mpaka ukawa unga, na unga huo ndio unaoelea mtoni hadi baharini. Nilisimama darajani nikauwazia Sabaki wetu, unaokuja mwekundu na udongo wa mashamba ya bara na kuipaka bahari ya Malindi rangi ya matofali kila mvua kubwa inaponyesha. Nilipokuwa mdogo niliudhika bahari ikichafuka, wala sikuwahi kuuliza ule udongo ni wa shamba la nani.

Sasa sala. Kwa kuwa tumesafiri mbali, adhuhuri na alasiri tunazikusanya na kuzifupisha. Udhu ni kwa maji ya chupa, na tunatafuta mwamba mpana kando ya njia, tusikalie mimea. Kibla cha kule huelekea kaskazini, kikipinda kidogo mashariki, na Paradise iko kusini mwa kilele. Basi ukisimama kusali, mlima mzima uko mbele yako, kushoto kidogo tu, na barafu yake inang'aa. Hapa Malindi nako tunasali tukielekea kaskazini. Nimesali misikiti mingi mizuri, lakini takbira ya pale kwenye mwamba, na upepo wa baridi usoni, huingia moyoni kwa namna yake. Kuna mnyama wa kule, marmot, mnene kuliko pimbi, hukaa juu ya mawe na kupiga mluzi mkali akiona hatari. Siku moja alipiga mluzi tukiwa kwenye sijda, na yule kijana wa Goma nusura acheke ndani ya sala.

Lakini niseme lile hasa ninalotaka mamangu alisikie. Mkitembea, watu hawatazamani. Mnaangalia njia, mnaangalia miguu ya aliye mbele, na maneno yaliyokwama hutoka yenyewe. Simu hazishiki mtandao, kwa hiyo hakuna wa kumkatiza mtu. Ni kwenye mteremko wa kurudi ambapo dada wa Tanga alituambia kwamba mzee mmoja aliyemhudumia kwa muda mrefu alimfia mikononi usiku wa zamu yake, na asubuhi ilibidi aende kwenye zamu nyingine kama kawaida. Alikuwa amekaa nalo tangu majira ya baridi. Hakuna aliyemjibu haraka. Mke wa yule wa Kismayu alimshika mkono, tukaendelea kushuka polepole, naye akaendelea kueleza mzee alipenda nini, alikuwa akimwita jina gani, na jinsi familia yake ilivyofika ikiwa imechelewa. Tulipofika kwenye gari alikuwa amelia na amepumua. Nami siku nyingine, njia hiyo hiyo, niliwaambia kwa mara ya kwanza kuhusu deni la hospitali la marehemu babangu, na kabla ya mwezi kwisha walikuwa wamechanga.

Kwa hiyo, mama, sijitesi.

Kwa wanaoishi kule na wanataka kujaribu: msiudharau mlima kwa sababu jua linawaka mnapoondoka. Hali ya hewa inageuka ndani ya saa moja, ukungu ukashuka usione alama ya njia. Chukueni koti lisilopenya maji na sweta hata kama ni Agosti. Pakueni ramani kwenye simu mkiwa bado mjini. Msikanyage theluji iliyofunika kijito, maana chini yake kuna uwazi na maji yanapita. Pakeni mafuta ya kukinga jua, nasi weusi pia, kwani theluji inarudisha mwanga kuanzia chini na macho huumia. Na wekeni saa ya kugeuka: ikifika, mnarudi, hata kilele cha njia kikiwa pua na mdomo. Usiwatie haraka wenzako kwa kuogopa giza, maana Julai jua la kule huzama karibu saa tatu za usiku.

Likizo hii nimewapeleka wapwa zangu Marafa, kilomita kama 30 kutoka mjini, kwenye lile bonde la Nyari ambalo mvua na upepo vimelichonga nguzo za udongo mwekundu, mweupe na wa waridi. Wote wamezaliwa Malindi. Mkubwa ana miaka kumi na tisa, na hakuwa amefika hata siku moja. Tuliteremka alasiri joto lilipopungua, na mlinzi wa pale, mtu wa kijijini, akawasimulia juu ya familia tajiri iliyokoga maziwa mpaka ardhi ikawameza. Njia nzima ya kurudi walikuwa wakibishana kama ni kweli, na yule mkubwa, ambaye nyumbani haachi simu, aliniuliza mambo ya maisha yake ambayo singedhani angeniuliza.

Jumamosi tunaingia msitu wa Arabuko-Sokoke. Watu wa Malindi na Watamu mnaosoma hapa, mnakaribishwa. Tutakutana kituo cha wageni kilicho karibu na Gede, kwenye barabara ya Mombasa, saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Kila mtu aje na maji lita mbili na viatu vya kufunika vidole. Mahamri nitaleta mimi, na shangazi amesema atapika mbaazi.