Nilivyojifunza kwenda kuungama na watoto

Kwaresima ya mwaka juzi nilisimama kwenye foleni ya kitubio karibu saa nzima, mdogo mgongoni, mkubwa wa miaka minne akinivuta kanga. Zamu yangu ilipofika niliingia nao wote, ningewaacha na nani? Sijamaliza hata kuomba baraka, mkubwa ameshachungulia kwenye wavu: "Mama, nani yumo humo?" Padre akakohoa. Nilinong'ona haraka haraka, nikasahau nusu ya niliyokuwa nayo.

Kumbe mkubwa alikuwa anasikiliza. Tulipofika nyumbani alimfuata mama mkwe jikoni: "Bibi, Mama amemwambia padre alikununia."

Baadaye nilimsimulia padre, akacheka mpaka akavua miwani. Akasema siri ya maungamo inamfunga yeye, na sheria ya Kanisa inamfunga hata mtu aliyesikia kwa bahati mbaya. Ila wa miaka minne utamfunga na nini? Akanishauri niachane na foleni za Jumamosi kuelekea Pasaka, niende siku ya kazi baada ya misa ya asubuhi. Tangu hapo mimi na padre huwa tunakaa nje, viti viwili vya plastiki chini ya mwembe. Watoto nawaweka kwenye ngazi za kanisa na karanga zao, nawaona, hawanisikii. Karanga za kumenya, si zilizokwisha kumenywa. Hizo zinaisha kabla sijafika dhambi ya pili.

Kuchunguza dhamiri, yaani kuzikumbuka dhambi zangu, nakufanya usiku uliotangulia, naosha vyombo, wamelala. Niliwahi kuandika nyuma ya risiti ya umeme wa luku ili nisisahau, asubuhi nikaikuta imechorwa gari. Sasa nabeba kichwani.

Wakati wa Majilio, kabla ya Krismasi, foleni isipokwepeka, tunapokezana na mama mmoja wa jumuiya yetu: mimi nikiwa ndani yeye anashika wanangu, akiingia nashika wake. Malipizi, zile sala anazonipa padre nikishaungama, nayasali hapo hapo, hata mtoto akiwa amebanwa na mkojo. Nikisema nitasali nyumbani, jioni inafika sijasali.

Mkubwa sasa ana miaka sita. Juzi kaniuliza lini na yeye ataenda kwa padre. Nikamwambia asubiri mafundisho ya Komunyo, kwanza ana dhambi gani?

"Hiyo ni siri."

Nikaenda kuangalia kopo la sukari.