Nanofati haijazi bonde chini ya jicho

Wengi wanaoulizia nanofati, yaani mafuta ya mwili wako mwenyewe yanayosagwa na kudungwa chini ya macho, wamebonyea hapo na wanataka pajae. Hapo wameomba tiba isiyo yao. Mafuta haya husagwa hadi seli za mafuta zenyewe karibu zote hufa. Kinachobaki ni seli ndogo za tishu, zikiwemo seli shina, zinazosaidia ngozi kuwa nzito na laini zaidi. Ujazo hamna.

Kwa hiyo anza na kioo. Kaa dirishani, vuta ngozi ya chini ya jicho taratibu kwenda pembeni. Ikibaki kahawia vilevile, ni melanini (rangi ya asili ya ngozi), jambo la kawaida sana kwa ngozi zetu, na nanofati haina ahadi kubwa hapo. Ikizidi zambarau, ni mishipa ya damu inayoonekana kupitia ngozi nyembamba; huyu ndiye anayefaidika. Kisha jimulike tochi ya simu kutoka mbele: weusi ukitoweka, ulikuwa kivuli cha bonde, na dawa yake ni mikrofati, mafuta yasiyosagwa yanayowekwa chini ya msuli, karibu na mfupa. Mifuko iliyovimba ni kazi ya upasuaji.

Njia ya nanofati ilielezwa na daktari wa upasuaji Patrick Tonnard na wenzake, Ubelgiji, mwaka 2013. Tumbo au paja hupigwa ganzi ya lidokaini yenye adrenalini, mafuta yakafyonzwa kwa kanula (mrija mwembamba) yenye vitundu vya milimita 1, yakaoshwa kwa maji ya chumvi. Halafu hutiwa kwenye bomba la sindano la mililita 10, likaunganishwa mdomo kwa mdomo na jingine, yakasukumwa huku na huko mara 30 mpaka umanjano ugeuke weupe. Mwisho huchujwa kwa nailoni yenye matundu ya nusu milimita.

Kuchuja ndiko kusikorukwa. Nyuzi za tishu zikibaki, sindano nyembamba ya namba 27 huziba, daktari husukuma kwa nguvu, na donge zima hutoka kwa mkupuo. Ngozi ya hapa ni nyembamba mno kuficha donge.

Hatari kubwa ni mafuta kuingia kwenye mshipa wa damu. Yakifika kwenye mishipa ya jicho, huleta upofu. Ndiyo maana kwenye tabaka za ndani hutumika kanula butu, matone madogo, mkono ukirudi nyuma huku ukisukuma polepole. Fila (kijazo cha kudungwa) ya asidi ya hayaluroniki ina kimeng'enya cha kuiyeyusha; mafuta hayana. Ukisikia maumivu makali ya ghafla, ngozi ikapauka au macho yakafifia, sema hapohapo, ukimbizwe kwa daktari wa macho.

Kuvilia kwa damu chini ya ngozi na uvimbe huchukua wiki moja hadi mbili. Usihukumu matokeo kabla ya miezi 3, wala usikubali kuchomwa tena kabla ya hapo.