Mupaka mwisho

Jumatatu asubuhi, kabla sijapanda basi kwenda kazini, nilipita kwa Mama Mikate kama kawaida. Alikuwa ameinama juu ya mafuta, anageuza mikate na ile spoku yake ya baiskeli.

"Jana nilisikia redio yenu," akaniambia.

"Ilikuwa muzuri, Mama?"

"Mulipiga ile wimbo mupaka mwisho."

Akanihesabia mikate ya mia tano, akaifunga kwenye karatasi ya daftari la shule, akaongeza mmoja wa matabishi. Kisha akamgeukia mtoto aliyekuwa nyuma yangu na sahani.

Ni hayo tu. Dada yetu ametolewa mahari Jumamosi, transfoma ya avenue imeungua na tuko gizani tangu Jumanne, na mimi nimekaa na mshumaa ninawaandikia kuhusu maneno matano. Mupaka mwisho. Aliuliza? Alilaumu? Yule mama akisema "jua linawaka" unaweza kudhani anakulaumu, kwa hiyo sauti yake hainisaidii. Kinachoniuma ni ule mkate wa nyongeza. Mtu aliyekasirika hakuongezei mkate. Au ndivyo hasa anavyofanya?

Wimbo wenyewe ulitoka kwenye kaseti ya Papa, ile ya buluu isiyo na jina. Gita la vidole viwili, kidole gumba na cha shahada, kama walivyolipiga watu waliojifunza kwa kumsikiliza Mwenda wa Bayeke. Niliuingiza kwenye kompyuta ya studio kwa ajili ya kipindi chetu cha nyimbo za zamani, nikausikiliza mara mbili, kalamu mkononi. Mnajua kazi yangu. Ninalitafuta neno baya kwenye mstari wa sauti, linaonekana kama samaki mdogo aliyevimba tumbo, ninalikata kichwa na mkia, mahali pake ninaweka tiii. Wiki hiyo hiyo nilikuwa nimewakata vijana wa hapa mjini maneno matatu katika wimbo wao mpya, na shefu akanisifu mbele ya wote kwa sikio langu zuri.

Sikio zuri! Nina daftari la maneno ya kukata, kurasa sita, Kiswahili, Lingala, Kifaransa na Kiingereza. Juzi nimelisoma tangu mwanzo. Yote ni maneno ya mwili: viungo, na yale yanayofanywa na viungo. Kwa hiyo niliposikiliza kaseti ya Papa nilikuwa natafuta viungo. Sikuona kiungo hata kimoja, nikaandika "safi". Ubeti wa tatu mwimbaji anawaita watu fulani wa mkoa huu wadudu. Analisema kwa neno letu la hapa Katanga, sitaliandika, mnalijua. Nililisikia. Siwezi kusema lilinipita. Nililisikia nikaona ni utani wa wazee.

Mimi nimezaliwa 1996. Mwaka 1992 na 1993 neno hilo lilipigiwa kelele mchana kweupe dhidi ya watu wenye asili ya Kasai, mkoa wa jirani, wakafukuzwa kwenye nyumba zao Likasi na Kolwezi, wakalala kwenye vituo vya treni wakingoja mabehewa, wengine wiki nyingi, wengine wakafia pale pale. Mama Mikate alikuwa na miaka kumi na miwili, kwenye kituo cha Likasi. Alitusimulia mara moja tu, na hata siku hiyo alichosimulia ni sufuria: walikuwa nayo moja, mdogo wake aliogeshwa humo, kisha wakapikia bukari, ugali wetu, humo humo. Niliisikia hadithi hiyo nikiwa na miaka tisa. Sufuria ninaikumbuka. Kuiunganisha na wimbo, sikuweza.

Halafu kuna Papa. Jumapili aliiweka redio dirishani na kufungulia sauti yote, kwa fahari ya kaseti yake, avenue nzima ikasikia. Nilipomuuliza usiku kama anakumbuka lile neno limo, alisema, "Ah, ile ni siasa ya zamani," akaanza kuzungumzia Franco, yule mwanamuziki wa zamani. Papa kila njia kwake inaishia kwa Franco. Kwamba mwaka 1978 alifungwa kwa sababu ya Hélène na Jackie, nyimbo zilizosemwa ni za uchafu, na kwamba yeye Papa alificha kaseti yake chini ya mfuko wa unga, mama yake asiione. Sasa Franco ndiye tunayempiga mahari ikitolewa, na mashangazi wanasimama kucheza.

Sheria nayo haikunisaidia. Kule Kinshasa kuna tume ya kuchunguza nyimbo kabla hazijapigwa. Novemba 2021 ilipiga marufuku nyimbo kadhaa, mmojawapo "Nini Tosali Te" wa kundi la MPR, ambao hauna neno hata moja la daftari langu, unalia tu jinsi wananchi walivyochoka. Katazo la wimbo huo likaondolewa baada ya siku chache. Kaseti ya buluu haiogopi tume yoyote. Ni ya zamani, ina gita tamu, na iko kwa Kiswahili cha kwetu.

Nilimwandikia binamu yangu wa Montréal, Kanada, yeye akanijibu na habari za kwao. Wimbo wa Dire Straits, "Money for Nothing", wa mwaka 1985, una tusi kwa mashoga. Ulipigwa kwenye redio zao miaka yote hiyo, mpaka msikilizaji mmoja akapeleka malalamiko, na Januari 2011 baraza la watangazaji likasema usipigwe tena na neno lile ndani. Redio nyingine zikaupiga mfululizo saa nzima kwa hasira. Miezi michache baadaye baraza likalegeza kamba, kila redio ijiamulie. "Mtu mmoja tu alilalamika," binamu aliandika, na vile vikatuni vya kucheka. Mimi sikucheka. Wangu hata hakulalamika.

Alhamisi nikashindwa kuvumilia. Nilirudi mapema, nikavuka kwake na kilo mbili za unga wa ngano, maana kwenda mikono mitupu niliona aibu. Nikaanza hotuba yangu. Akanikatisha kabla sijafika kwenye "samahani".

"Gita yake ni muzuri," alisema. "Njo ile inaniuma. Miguu yangu ilianza kucheza mbele ya kichwa kusikia. Kisha nikasikia, nikasema, sasa batatia ile tiii yao. Nikangojea. Nikangojea mupaka mwisho."

Kwa hiyo mwisho ulikuwa wake. Yeye ndiye aliyefika nao, amesimama juu ya mafuta yake, anasubiri mkono wangu.

Sikupata la kusema, na ni vizuri, kwa sababu hapo mjukuu wake wa miaka sita alitokea na kutangaza kwamba anajua wimbo wa redio. Akauimba wote, ule wa vijana, na kila nilipokata alifunika mdomo akasema tiii kwa sauti nyembamba ileile ya kompyuta yangu. Mama Mikate akasema ameshachoka na tiii nyumba nzima. Mtoto akanivuta sikio, akaninong'oneza lililo chini ya tiii. Yote matatu, kwa matamshi safi. Tulicheka mpaka mkate mmoja ukaungua, na Mama akamfukuza na spoku.

Kaseti nimeiweka kwenye droo ya studio. Ubeti wa tatu unakatika vizuri, nimejaribu, gita linaungana bila kovu. Lakini kila nikiusikiliza hivyo najiona nimemfichia mtu ushahidi. Shefu anasema niamue mwenyewe kabla ya Jumapili, kipindi kina nafasi ya dakika nne.

Jambo jingine. Jumatano pikipiki ilipiga honi nyuma ya Papa, karibu kabisa, na hakugeuka. Dereva alimkwepa kwa kuingia kwenye mtaro. Nilidhani anawaza mambo yake. Ila leo, umeme hakuna, redio iko kwenye betri, nimeipunguza sauti ili niandike, naye kanitazama akauliza kwa nini nimeizima.